Elijah Masinde: Shujaa wa Elgon aliyewatatiza hata waliompenda

JINA la Elijah Masinde likitajwa katika vijiji vya Kimilili, Malakisi au Webuye, ni nadra kikao kumalizika kwa kauli moja. Yupo atakayemwita nabii. Yupo atakayemwita mpigania uhuru aliyetangulia Mau Mau. Na hakosi mzee atakayetikisa kichwa na kukumbusha kwamba mtu huyo, licha ya ujasiri wake wote, hakupata kuelewana na mwenye mamlaka yeyote, awe mweupe au mweusi.

Tangu afariki mwaka 1987, masimulizi kumhusu yamezidi kunoga. Husimuliwa kwamba pingu zilimfunguka zenyewe mikononi. Husimuliwa kwamba askari walipita hatua chache kutoka aliposimama wasimwone. Husimuliwa kwamba mizimu ya mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, ilimwonya kila adui alipokaribia. Mtu akiyakusanya masimulizi hayo yote, anapata riwaya kamili iliyo na historia ya kweli, nguvu zisizoonekana, fumbo la kufumbuliwa na shujaa aliyependwa na umma.

Tatizo ni shujaa mwenyewe. Msomaji wa riwaya za aina hiyo huwa na matarajio yake. Shujaa ateseke, lakini mwishowe ashinde. Apendwe, naye arejee kwa waliompenda. Fumbo lake lifumbuliwe kabla ya ukurasa wa mwisho. Wasomaji wengi wa Kenya wanaikumbuka Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa mwaka 1996, ambamo kijana Kongowea Mswahili anafunga safari ndefu hadi Kitale kumtafuta babake. Safari ile ina machungu, lakini kichwa chenyewe cha kitabu kinamwahidi msomaji kwamba jua litamchomozea kijana huyo. Maisha ya Masinde, ambayo nayo yalizunguka kati ya Bungoma na Kitale, hayakutoa ahadi kama hiyo. Kila alipopewa nafasi ya kuyahitimisha kwa heri, aliikataa.

Mchezaji, mtumishi wa mahakama, mume

Masinde alizaliwa mnamo 1910 au karibu na mwaka huo katika eneo la Kimilili, kwenye miteremko ya kusini ya Elgon. Wakati huo serikali ya kikoloni haikuwaita Wabukusu kwa jina lao. Katika faili za wakuu wa wilaya waliandikwa Wakitosh, jina la kubandikwa na majirani ambalo wenyewe walilichukia, na ambalo lilichukua miongo kadhaa kufutwa katika kumbukumbu rasmi.

Wamisionari wa Quaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902, walikuwa tayari wameeneza shule na makanisa yao hadi kaskazini mwa mto Nzoia. Masinde alipita mikononi mwao, akasoma na kubatizwa, na jina la Elijah ni ushahidi wa malezi hayo. Ujana wake haukuwa na dalili zozote za mizimu. Sifa zake za kwanza alizipata uwanjani. Aliiongoza timu ya kandanda ya Kimilili, na inaelezwa kwamba mwaka 1930 alivaa jezi ya Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1926 na yaliyokuwa kilele cha soka katika Afrika Mashariki ya siku zile.

Baadaye aliajiriwa kupeleka samansi za mahakama ya Wenyeji. Kazi hiyo haikuwa ndogo. Mpeleka samansi alikuwa mkono wa serikali ulioonekana mlangoni mwa mwananchi. Aliijua kila njia ya kijiji, alimjua kila mwenye kesi ya mpaka wa shamba, na alishuhudia jinsi machifu na makarani walivyotumia sheria ngeni kuwaminya watu wao. Aliyekuja kuwa adui mkubwa wa mamlaka aliyajifunza mamlaka hayo akiwa ndani.

Kilichomtoa kanisani hakikuwa siasa bali ndoa. Masinde alioa mke wa pili, jambo la kawaida kwa mwanamume wa Kibukusu wa rika lake, lakini kosa lisilosameheka kwa Waquaker. Walimtenga. Katika riwaya, mapenzi kama hayo yangekuwa kiini cha hadithi, na shujaa angechagua kati ya mwanamke na imani. Masinde hakuona kwamba kulikuwa na jambo la kuchagua. Aliona kwamba kanisa lilikuwa limemtaka aione nyumba ya babake kuwa dhambi, na kutokana na swali hilo la nyumbani likazaliwa swali kubwa zaidi. Ikiwa Waisraeli wa Agano la Kale waliabudu Mungu wa mababu zao, wakaoa wake wengi na kutoa kafara milimani, kwa nini Wabukusu wazuiwe?

Dini ya wahenga

Jibu lake lilikuwa Dini ya Msambwa. Msambwa ni roho za wahenga, waliotangulia lakini wasioondoka, na Wele ni Mungu muumba. Masinde na wenzake hawakuitupa Biblia. Waliisoma upya wakiwa wamegeuza uso kuelekea Elgon, wakauona mlima ule kuwa Sayuni yao. Walihubiri kwamba wazungu warudi kwao, kwamba ardhi irudi kwa wenyewe, na kwamba Mwafrika hahitaji mpatanishi kutoka ng'ambo ili asikiwe na Mungu wake.

Mafundisho hayo yaliangukia udongo ulioiva. Upande wa mashariki wa mlima, wilaya ya Trans Nzoia ilikuwa imegawiwa walowezi, wengi wao wakiwa askari waliopewa mashamba baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Reli iliyofika Kitale mwaka 1926 ilikuwa ya kubebea mahindi yao. Maelfu ya Wabukusu waliishi huko kama maskwota, wakilima ardhi ambayo baadhi yao waliamini kuwa ni ya babu zao, kwa ujira mdogo na kwa hisani ya mwenye shamba. Kwa skwota wa Kitale, mahubiri kwamba mzungu angeondoka hayakuwa fumbo la kidini. Aliyasikia kama habari za shamba analolilima kila siku.

Jamii hiyo ilikuwa na desturi ndefu ya kupokea mashujaa wa namna hii. Watoto wa Kibukusu hukua wakisimuliwa habari za Mango, aliyeliua joka lililoitwa Yabebe pangoni. Wapo wanaosimulia kwamba alimpenda binti wa Kisabaoti ambaye hakukubali kuolewa na mwanamume asiyetahiriwa, na kwamba ushujaa wa kuua joka ndio uliompa haki ya kutahiriwa na kuurudisha utamaduni huo kwa watu wake. Hadithi ya Mango inamridhisha msikilizaji. Joka linakufa, shujaa anapokewa kwa nyimbo, na kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti, vijana wanaotahiriwa Bungoma na Trans Nzoia hutembea katika nyayo zake.

Watu walipomtazama Masinde, walitaka Mango mwingine. Joka walilifahamu. Walichongoja ni upanga.

Kutoka samansi hadi Mathari

Mwaka 1944, vita vya dunia vikiwa vinaendelea, serikali ilikuwa ikikamata vijana kwa kazi ya lazima na kuwashurutisha wakulima kung'oa magugu mashambani kwa amri. Masinde alikataa amri hizo hadharani na akapambana na waliotumwa kuzitekeleza. Mtu aliyewahi kupeleka samansi sasa alikuwa akiwafukuza walioleta samansi kwake. Alishtakiwa, akafungwa.

Mwaka 1945 wakuu walifikia uamuzi uliowaondolea usumbufu wa kumjibu. Alipelekwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, kama mgonjwa wa akili. Hospitali hiyo wakati huo iliongozwa na Dkt J. C. Carothers, ambaye katika miaka ya hamsini alipata umaarufu kwa maandishi yaliyodai kwamba akili ya Mwafrika ina kasoro za kimaumbile, na kisha kwa ripoti aliyoiandikia serikali akiieleza Mau Mau kwa saikolojia badala ya kuieleza kwa ardhi. Nadharia hizo zilikuja kupingwa vikali na wanasayansi. Lakini mwaka 1945 mtu aliyesema kwamba amezungumza na wahenga, na kwamba wazungu wataondoka, hakuwa na hoja ya kumshawishi daktari wa aina hiyo. Kauli ya kwanza ilichukuliwa kuwa dalili ya ugonjwa, na ya pili ikachukuliwa kuwa dalili ya kuzidiwa.

Alikaa huko takriban miaka miwili. Hapo tena msomaji anayependa mambo yaeleweke atatatizika, kwa sababu Masinde hakuacha shajara wala tawasifu ya kueleza siku zake ndani ya kuta zile. Yanayojulikana yametoka kwa waliomlinda, waliomshtaki na waliomfuata. Alipoachiliwa mwaka 1947, wengi walitarajia kwamba atakuwa amenyamazishwa. Alirudi Kimilili na kuendelea alipoachia.

Kafara ya Chetambe

Septemba mwaka huo, Masinde aliongoza umati mkubwa hadi Chetambe, kwenye kilima kilicho juu ya Webuye. Mahali hapo palikuwa na kidonda. Mwaka 1895 Wabukusu walikuwa wamepigana huko na majeshi ya Mwingereza C. W. Hobley. Chanzo kilikuwa bunduki zilizoangukia mikononi mwa Wabukusu kutoka kwa askari wa Kisudani waliotoroka kazi, na kikosi kilichotumwa kuzirejesha kikauawa. Hobley alirudi na jeshi kubwa zaidi, akiwa na wasaidizi kutoka jamii jirani na bunduki ya mzinga. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha Chetambe. Waliokufa walikuwa wengi, na miili ya baadhi yao haikupata mazishi ya heshima.

Miaka 52 baadaye, Masinde aliwapeleka watoto na wajukuu wa wafu hao kwenye mahame ya ngome, wakatoa kafara na kuwakumbuka. Kwa mkuu wa wilaya, huo ulikuwa uchochezi. Kwa waliohudhuria, yalikuwa matanga yaliyocheleweshwa kwa nusu karne. Hapa ndipo imani ya Masinde inapoeleweka vyema zaidi. Mizimu yake haikuwa vinyamkera vya kutishia watoto. Walikuwa watu wenye majina, waliouawa mahali panapojulikana, katika mwaka unaojulikana, na walioachwa bila kuliliwa.

Hati ya kumkamata ilitolewa. Masinde akatoweka.

Siri ya kutoonekana

Kwa miezi kadhaa polisi walimsaka kutoka Bungoma hadi kwenye mashamba ya Trans Nzoia. Walifika nyumba aliyolala jana, wakaambiwa hajulikani. Walivizia njia aliyotarajiwa kupita, hakupita. Katika miezi hiyo ndipo masimulizi ya kutoonekana kwake yalipopata nguvu, na hadi leo ndiyo yanayopendwa zaidi.

Wapenzi wa riwaya za upelelezi watakumbuka Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kilichochapishwa mwaka 1960. Maiti inapatikana penye mzimu, watu wananong'ona kuhusu wafu, lakini mpelelezi Bwana Msa anafuata nyayo za walio hai. Fumbo la Masinde linaweza kufumbuliwa kwa njia hiyohiyo. Mtu mmoja hajifichi kwa miezi kadhaa katika nchi yenye watu wengi kama Kimilili bila msaada. Mtu alimpikia. Mtu mwingine alimpisha kitanda, na mwingine akamwona afisa akipanda kilima, akatuma mtoto mbio. Maskwota waliokuwa na hatari ya kufukuzwa shambani kabla ya jua kuzama walinyamaza walipoulizwa.

Kusema kwamba mizimu ilimficha kulikuwa na faida yake wakati ule, maana mzimu haukamatwi na kuchapwa ili uwataje wengine. Lakini kuliendelea kusemwa hata baada ya hatari kupita, na gharama yake ni kwamba majina ya waliomlinda yamepotea. Nabii amebaki, lakini wanawake waliombebea chakula gizani wamesahaulika.

Damu ya Malakisi

Februari 10, 1948, mamia ya waumini waliandamana hadi kituo cha polisi cha Malakisi. Polisi waliwafyatulia risasi. Watu 11 waliuawa na 16 wakajeruhiwa. Kwa wakoloni ilikuwa ghasia iliyozimwa. Kwa Wabukusu, ilikuwa Chetambe ya pili.

Katika riwaya iliyopangwa vizuri, shujaa angekuwa mbele ya umati ule. Angeanguka na kuwa shahidi, au angeinua mkono na risasi zikageuka maji. Masinde, aliyekuwa bado mafichoni, alinusurika, na waliokufa walikuwa wafuasi. Swali la iwapo kiongozi anaweza kuwasha moto na kuwaachia wengine waungue halijawahi kuondoka katika historia yake. Wanaompenda hujibu kwamba aliyeagiza risasi ndiye mwenye damu mikononi, na wana haki. Lakini kuna familia 11 ambazo ushujaa wa Masinde haukuzirudishia wapendwa wao.

Alikamatwa Februari 16, siku sita baadaye. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku mwaka huo, naye akapelekwa uhamishoni Lamu, mbali na mlima wake kadiri nchi ilivyoruhusu. Mtu wa baridi ya Elgon, aliyeamini kwamba sala zake zapaa kutoka kileleni, aliwekwa kwenye kisiwa cha Bahari ya Hindi, ambako hakuna mlima hata mmoja wa kuuelekezea uso.

Wakeze na wanawe walibaki Kimilili. Ndoa iliyomfanya atengwe na kanisa iligeuka kuwa kusubiri kwa zaidi ya mwongo mmoja. Huyu ni mume aliyekataa kumwacha mke kwa amri ya wamisionari, kisha akawaacha wote kwa amri ya dhamiri yake. Hakuna masimulizi ya kishujaa yaliyotungwa kuhusu waliobaki kulima, kulea na kutazamwa na chifu kama jamaa za mhalifu.

Moto bila mwashaji

Kumwondoa Masinde hakukuizima dini yake. Ilivuka mipaka ya kabila na kuingia Pokot, ikaongozwa huko na Lukas Pkech. Aprili 24, 1950, huko Kolloa, wafuasi wa Pkech walipambana na kikosi cha serikali. Maafisa watatu wa Kizungu na askari mmoja Mwafrika waliuawa, na Wapokot 29, akiwemo Pkech, wakapigwa risasi. Baadaye wengine saba walinyongwa. Wengi wa waliokwenda Kolloa walikuwa wameahidiwa kwamba risasi hazingewadhuru.

Hapa ndipo hadithi za nguvu zisizoonekana hukoma kuwa burudani. Ahadi kwamba risasi itageuka maji ilitolewa katika uasi wa Maji Maji mwaka 1905, na ikatolewa tena Baringo miaka 45 baadaye. Haiwezekani kumbebesha Masinde, aliyekuwa Lamu, maneno yaliyotamkwa Kolloa. Hata hivyo mbegu ilitoka kwenye ghala lake.

Miaka miwili baadaye hali ya hatari ilitangazwa nchini, na Jomo Kenyatta na wenzake watano wakashtakiwa Kapenguria, mji mdogo wa mbali uliochaguliwa ili kesi isivute umati. Kapenguria haikuwa na hoteli, hivyo mawakili walilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda mahakamani. Kwa miezi kadhaa, mji wa walowezi waliokuwa wakihofia Dini ya Msambwa ukawa mlango wa kesi iliyomtengeneza rais wa kwanza wa Kenya. Aprili 1953 Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba. Masinde alikuwa amekwisha kutumikia mitano ya uhamisho.

Uhuru usiomtosha

Mwanzoni mwa miaka ya sitini Masinde aliachiliwa na kurudi Kimilili. Hapa palikuwa mahali pazuri pa kuimalizia hadithi. Wazungu aliotabiri kuondoka kwao walikuwa wakiuza mashamba. Desemba 12, 1963, bendera ilishushwa na nyingine ikapandishwa. Mzee huyo angeweza kupewa kiti kwenye jukwaa, kofia ya manyoya na usinga, na kila Desemba akasimama kupigiwa makofi.

Hakutaka. Dini ya Msambwa iliruhusiwa kwa muda mfupi, lakini mahubiri ya mwanzilishi wake hayakubadilika kwa sababu tu rangi ya watawala ilikuwa imebadilika. Aliendelea kuhubiri dhidi ya waliokalia viti, na serikali mpya ikamwona kama ya zamani ilivyomwona. Mwaka 1968 dini hiyo ilipigwa marufuku tena, safari hii na serikali ya Kenyatta. Masinde alirejeshwa jela zaidi ya mara moja katika Kenya huru, akiwa mzee, kwa makosa yaliyofanana mno na yale aliyoshtakiwa na mkoloni.

Wanahistoria wamejaribu kumweleza. Audrey Wipper, katika utafiti wake wa mwaka 1977 kuhusu vuguvugu za vijijini nchini Kenya, alimweka pamoja na Mumbo ya Gusii na Luo kama sauti ya wakulima waliopinga ukoloni kwa lugha ya imani. Vincent Simiyu alimwandikia wasifu uliochapishwa mwaka 1997 katika mfululizo wa vitabu kuhusu waliojenga historia ya Kenya. Kazi hizo zinamtoa Masinde katika kundi la wendawazimu alimotupwa na Mathari. Lakini hazimfanyi awe rahisi. Mtu aliyekubali kwamba mamlaka yote ya dunia hii ni ya muda hawezi kuwa mwasisi mtiifu wa dola.

Wakina Masinde wawili

Ugumu wake unaonekana zaidi akiwekwa kando ya mwenye jina kama lake. Masinde Muliro, aliyezaliwa mwaka 1922 katika eneo hilohilo la Kimilili, alisoma hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, akawa mbunge na waziri, akafutwa kazi mwaka 1975 kwa kuunga mkono ripoti ya bunge kuhusu mauaji ya J. M. Kariuki, na akafa Agosti 1992 akiwa miongoni mwa vinara wa kurejesha mfumo wa vyama vingi. Katika Trans Nzoia anakumbukwa kwa kuwahimiza watu kuchanga fedha na kununua mashamba ya walowezi. Alizikwa huko, na chuo kikuu cha Kakamega kina jina lake.

Vijana wengi huwachanganya wawili hao, na kosa hilo linasameheka. Lakini tofauti yao ndiyo historia ya magharibi mwa Kenya kwa ufupi. Muliro wa Kitale alikubali kwamba ardhi iliyochukuliwa kwa nguvu itarudi kwa hundi, na kwa njia hiyo familia nyingi zilipata pa kujenga. Elijah wa Kimilili alibaki kwenye swali la awali, ambalo halina jibu la benki. Kwa nini mtu anunue kilichoporwa kwa babake? Mmoja aliacha hatimiliki, mwingine akaacha dai. Ni rahisi kuliita jengo kwa jina la mwenye hatimiliki.

Mwisho usiofungwa

Elijah Masinde alifariki mwaka 1987 na kuzikwa nyumbani kwake Maeni, karibu na Kimilili. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 75, na sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima ilikuwa imepita gerezani, hospitalini au uhamishoni. Joka halikuwa limekufa lote. Migogoro ya ardhi kwenye miteremko ya Elgon iliendelea baada yake, ikalipuka kwa umwagaji damu mapema miaka ya tisini na tena kati ya 2006 na 2008. Safari hii waliouawa na waliofurushwa walikuwa majirani wa mlima mmoja.

Huenda ndiyo sababu masimulizi ya pingu zilizofunguka yanapendwa kuliko faili za mahakama. Hadithi ya miujiza humalizika. Pingu zikishafunguka, msikilizaji anacheka, anashangaa, kisha anakwenda kulala. Maisha ya mtu mwenyewe hayamruhusu kulala. Yanamuuliza kuhusu wafu wa Chetambe, kuhusu 11 wa Malakisi, kuhusu maskwota wa Trans Nzoia, na kuhusu serikali mbili zilizotofautiana kwa mengi lakini zikakubaliana kumfungia mlango mtu mmoja.

Kwa hivyo anayekwenda Maeni akitarajia kaburi la mchawi mkuu, au la mzee wa taifa aliyepatanishwa na kila mtu, atarudi hajaridhika. Hakuwa mchawi wala hakupatanishwa. Alikuwa mchezaji wa kandanda, mtumishi wa mahakama na mume aliyegombana na kanisa, aliyekataa wafu wake wasahauliwe, akalipa kwa miaka yake na kuwalipisha wengine pia. Wabukusu wameendelea kumwimba na kugombana juu yake, na magombano hayo yamemhifadhi kuliko sanamu yoyote ambayo angejengewa.